Watu saba ndani ya meli ya madini: historia ya filamu Alien



Filamu hii niliiona mara ya kwanza Kisangani, mwaka 2017, kwenye home ya wanafunzi. Chumba, kwa karatasi, kilikuwa cha watu wawili. Usiku ule tulikuwa tisa. Dirisha lilikuwa moja na tulilifunga juu mvua ilikuwa inaingia. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi na mbili, na mashine yenye tuliangalia ilikuwa ya mwenzetu wa uchumi, betri ikiwa nusu. Hakuna mtu alikubali kutoka, hata mwenye alikuwa na haja ya kwenda msalani. Kila mara kile kitu kikijificha kwenye mabomba ya meli, sisi wote tulikuwa tunaangalia dari la chumba chetu. Betri iliisha kabla filamu haijaisha. Nilingoja siku tatu kujua kama yule mwanamke alipona.

Miaka imepita, nimeirudilia mara nyingi, na leo nataka kuandika historia yake kidogo. Wengi watasema ni filamu ya kutisha tu, ya mnyama wa angani. Sikatai, inatisha. Lakini ndani ya filamu hii kuna jina moja lenye linakuja paka kwetu huku, kwenye mto wetu, na kuna mlango mmoja wenye mimi binafsi sijaweza kuusahau. Nitafika huko.

Alien ilitoka Marekani tarehe 25 Mei 1979. Wazazi wangu walikuwa watoto, nchi ikiitwa Zaire. Aliyeandika hadithi ni Dan O'Bannon pamoja na mwenzake Ronald Shusett. O'Bannon alikuwa kijana mwenye hana makuta. Mwaka 1974 alikuwa ameshiriki katika filamu ya bei ndogo, Dark Star, pamoja na John Carpenter, kuhusu watu waliochoka ndani ya chombo cha anga. Kisha akaitwa Paris kufanya kazi kwenye filamu kubwa ya Dune, ile ya Alejandro Jodorowsky, yenye haikutengenezwa hata siku moja. Mradi ulianguka, O'Bannon akarudi Marekani akalala kwenye kanapé ya Shusett. Lakini kule Paris alikuwa amejuana na Mswisi mmoja mchoraji, H. R. Giger, mwenye alichora mifupa, mabomba na miili ya watu vikiwa vimeshikana, huwezi kujua wapi mashine inaishia na nyama inaanzia. Michoro ile ndiyo ilizaa mnyama tunayemjua.

Jambo lingine wengi hawalijui: O'Bannon alikuwa na ugonjwa wa matumbo, ule wa Crohn, na mwenyewe alisema maumivu yale yalimpa wazo la kitu kinachotaka kutoka kwa nguvu ndani ya mwili wa mtu. Alikufa mwaka 2009. Ukijua hivyo, ile sehemu ya mezani unaiona kwa macho mengine.

Filamu ilipigwa Uingereza mwaka 1978, katika studio za Shepperton, karibu na London. Mwongozaji alikuwa Ridley Scott, Mwingereza mwenye alitoka kwenye matangazo ya biashara na alikuwa na filamu moja tu ndefu nyuma yake. Bajeti ilikuwa karibu dola milioni 11. Na hapa nataka tukae kidogo, maana watu husema "filamu inabana pumzi" bila kueleza namna gani.

Kwanza, meli ilijengwa kweli. Sehemu za ndani zilikuwa zimeunganishwa kwa korido, na mwigizaji akitaka kuingia au kutoka alipaswa kupita mle mle, kwenye korido zenye dari fupi. Kuta zilijazwa vipande vya ndege kuukuu, nyaya, vifungo, mabomba. Siyo meli safi nyeupe ya filamu nyingine. Ni kama gari la mizigo lililotembea sana: mafuta, jasho, vikombe vya kahawa mezani, maji yanadondoka. Pili, Scott hana haraka. Mnyama mwenyewe anakuja kutokea karibu saa nzima ikiwa imepita, na kwa filamu yote humuoni vizuri ila kwa dakika chache. Muda wote mwingine uko na watu saba na sauti ya mashine. Kumbe hofu siyo kitu unachoona, ni nafasi inayopungua. Kila mtu mmoja akifa, meli ni kubwa ileile, lakini mwenye kubaki anaiona ndogo zaidi.

Sasa waigizaji. Scott alichagua watu wazima wenye nyuso za kazi. Harry Dean Stanton, mwenye kucheza Brett fundi, alimwambia Scott wazi kwamba hapendi filamu za anga wala za wanyama wa kutisha. Tom Skerritt ni Dallas, kapteni. John Hurt ni Kane, na alikuja kwa kuchelewa: mtu wa kwanza, Jon Finch, aliugua mwanzoni kabisa mwa kupiga picha. Ian Holm, mtu wa jukwaa la Shakespeare, ni Ash, mwanasayansi wa meli.

Ripley alipewa Sigourney Weaver. Alikuwa hajulikani, mtu wa tamthilia New York, sinema kubwa hajafanya bado. Hati ya kwanza ya filamu ilisema kila nafasi inaweza kuchezwa na mwanamume au mwanamke, na wakubwa wa studio walikubali Ripley awe mwanamke. Veronica Cartwright alifika London akijua yeye ndiye Ripley. Akaja kuambiwa kwamba yeye ni Lambert, mwenye kulia na kuogopa. Hakufurahi. Lakini mimi nasema bila Lambert filamu inaanguka, juu Lambert ndiye anayefanya kama sisi wote tungefanya. Wale tisa wa chumba chetu, nane tulikuwa Lambert.

Weaver anacheza namna gani? Hapigi kelele mapema. Mwanzoni hata hujui kama yeye ndiye mkubwa wa filamu. Ni afisa wa tatu, anafuata kanuni, anakasirika kimya kimya wanaume wakimpita kwenye mazungumzo. Yaphet Kotto, mwenye kucheza Parker, baba yake alikuwa mtu wa Kameruni, na Scott alimwambia amchokoze Weaver hata nje ya kamera ili ule msuguano uwe wa kweli. Unauona. Parker anamuuliza mambo ya makuta, anacheka, anafungulia mvuke ili asimsikie. Kiisha, watu wakiendelea kufa, uso wa Weaver unabadilika polepole, na wakati amebaki peke yake anaongea na nafsi yake kwa sauti ya chini kama mtu anayehesabu vidonge. Miaka saba baadaye, kwa filamu ya pili, waliweka jina lake kwenye orodha ya kugombea Oscar. Mimi ningempa kwa hii ya kwanza.

Kotto naye, franchement, watu wanamsahau. Parker na Brett wako chini, kwenye mashine, wanalipwa sehemu ndogo kuliko wa juu, na maneno yao ya kwanza mezani ni kuhusu bonasi. Hakuna hotuba, hakuna siasa. Ni watu wanauliza: sisi tunapata ngapi? Kila mtu aliyefanya kazi kwenye mradi huku kwetu anajua sauti ile.

Na mnyama? Ndani ya lile vazi alikuwa Mwafrika. Jina lake Bolaji Badejo, Mnigeria, alizaliwa Lagos mwaka 1953, alikuwa London akisoma mambo ya kuchora. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2, mwembamba, mikono mirefu. Wakala mmoja alimuona kwenye baa, akampeleka kwa Scott. Walimfundisha kutembea polepole, kujikunja, kujinyoosha. Kwa sababu ya mkia hakuweza kukaa kwenye kiti, wakamtengenezea kama bembea ya kupumzikia. Hakucheza filamu nyingine. Aliaga dunia mwaka 1992, kwa ugonjwa wa selimundu, ugonjwa wenye familia nyingi huku kwetu zinaujua kwa jina la SS. Nilipojua habari zake nilirudi kuangalia tena sehemu ya mwisho, pale anapolala kimya kati ya mabomba, na sikuogopa tena kwa namna ileile.

Bon, tuje kwenye meza. Kane amerudi kutoka kwenye ile sayari na kitu kimemshika usoni. Kitu kimeanguka chenyewe, kimekufa. Kane ameamka, ana njaa, wanakula, wanacheka. Halafu anaanza kukohoa. Siku ya kupiga picha ile, waigizaji walijua kitu kitatoka kifuani, hati ilisema hivyo. Wenye hawakujua ni damu itaruka kiasi gani. Walipoingia waliona watu wa kamera wamevaa makoti ya mvua, na meza imezungukwa na matumbo ya wanyama kutoka buchari, yanaanza kunuka. Damu ilimpiga Cartwright usoni moja kwa moja. Kelele unayoisikia ni yake kweli, na alianguka kweli.

Wenzangu walipiga makelele. Mimi nilisema: "Ni nyigu!" Walinicheka mwaka mzima. Lakini agronomu hawezi kuona kitu kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mdudu mweupe wa muhogo, koshenili, Phenacoccus manihoti, alionekana pande zetu za mto Kongo, Kinshasa na Brazzaville, akitokea Amerika ya Kusini. Alienea kwenye mihogo ya Afrika kwa haraka, majani ya juu yakajikunja, mashamba yakakauka, sombe ikakosekana. Walimtafutia adui kule alikotoka. Mwaka 1981, Paraguay, wakapata kinyigu kidogo sana, Anagyrus lopezi. Jike linatoboa koshenili na kutaga yai ndani. Funza anakula kutoka ndani, mdudu anaendelea kuishi kwanza, kisha anakauka kama ganda, na nyigu mzima anatoboa tundu anatoka. Njo vile vile! Wakiongozwa na Hans Herren wa kituo cha IITA kule Ibadan, waliachilia nyigu Nigeria mwaka ule ule, kisha nchi zaidi ya 20, Zaire ikiwemo. Herren alipewa World Food Prize mwaka 1995. Kwa hiyo kile ambacho O'Bannon alikiandika kama jinamizi, kwetu kiliokoa bugali.

Lakini nyigu wale hawakuletwa tu hivi hivi ndani ya mfuko. Walipitishwa kwanza kwenye karantini kule Uingereza, kuhakikisha hawabebi kitu kingine. Shikeni neno hili, karantini, nitalirudilia.

Kwanza lile jina. Meli ya filamu inaitwa Nostromo. Ni jina la kitabu cha 1904 cha Joseph Conrad, riwaya juu ya mgodi wa fedha na watu wenye mgodi unawala. Chombo kidogo cha kutorokea kinaitwa Narcissus, tena meli ya Conrad. Hata filamu ya kwanza ya Scott, The Duellists ya 1977, ilitoka kwenye hadithi ya Conrad. Na Conrad ni nani kwetu? Mpolandi, baharia, mwenye mwaka 1890 alisaini mkataba wa miaka mitatu na kampuni ya Kibelgiji ya biashara ya Kongo ya Juu. Alifika Matadi mwezi wa sita, akatembea kwa miguu na wapagazi paka Kinshasa, reli haijajengwa. Kisha akapanda mashua ya mvuke, Roi des Belges, akapandisha mto hadi Stanley Falls. Stanley Falls ndiyo Kisangani. Ni pale pale kwa Wagenia, wenye mitego yao ya samaki kwenye maporomoko, mahali tulikuwa tunaenda siku ya Mungu kupiga picha na kutumia hela zenye hatuna.

Walikuja kumchukua wakala mmoja mgonjwa, Georges-Antoine Klein. Alikufa njiani wakishuka. Conrad naye aliugua, akavunja mkataba, hakufika hata mwaka. Mwaka 1899 akaanza kutoa Heart of Darkness, na katika maandiko yake ya kwanza, kabla ya Kurtz, alikuwa ameandika Klein. Chinua Achebe alimshambulia vikali katika mhadhara wa 1975, kwa vile Waafrika kwenye kitabu kile hawana uso wala neno, na mimi niko upande wa Achebe. Lakini kuna kitu kimoja Conrad alikiona vizuri: kampuni. Ndani ya kitabu haina jina, inaitwa Kampuni tu. Ndani ya Alien pia, hakuna mtu anatamka jina lake. Ni Kampuni.

Na meli inabeba nini? Maandishi ya mwanzo yanasema wazi: watu saba, na tani milioni 20 za madini ghafi, kurudi Duniani. Tulicheka sana kwenye home. Mmoja akasema: "Hata kule juu wako nachimba tu."

Ripley anakuja kugundua ukweli kwenye mashine kubwa yenye wanaiita Mama. Kampuni ilijua. Amri ya siri namba 937: kile kiumbe kiletwe, mambo mengine yote yafuate nyuma, na wafanyakazi wanaweza kupotea. Ash, yule mwanasayansi mpole, ni roboti aliyewekwa kusimamia amri hiyo. Holm anacheza bila kukosea. Rudi uangalie mara ya pili: jinsi anavyomtazama Kane mezani, hashangai kama wengine. Anatoa jasho jeupe. Watu wanamsifu kwa kichwa kile kilichokatwa kinachoongea, mimi namsifu kwa ule utulivu wa ofisi, ule wa mtu anayekuambia hapana huku akitabasamu.

Bon, mlango. Dallas na Lambert wanarudi na Kane, kitu kiko usoni mwake. Wanataka kuingia. Ripley yuko ndani, yeye ndiye mkubwa wakati ule, na anasema hapana: kanuni ni karantini ya saa 24. Dallas anamwamuru. Lambert analia. Ripley anakataa tena, sauti haipandi, unaona tu macho yake yanaumia. Halafu Ash anabonyeza kitufe na mlango unafunguka. Wote waliokufa, walikufa pale.

Mwaka 2020, kiisha ya lisansi, nilipata mkataba wa miezi sita kwenye mradi mmoja wa muhogo, Ituri. Jina la mradi naliacha. Kazi yangu ilikuwa kupokea miti ya muhogo ya kupanda, kuikagua, kuigawa. Siku moja lori lilifika limechelewa njiani karibu wiki mbili, barabara mnaijua. Miti ilikuwa imeanza kuchipuka ndani ya mafungu. Vijani vile vidogo vilikuwa na madoa ya manjano, vimepindapinda. Mozaiki. Siyo fungu moja, niliyafungua kumi na nne.

Nilifunga depo. Nikasema ingoje, tupige simu kule miti ilikotoka, tuchome yenye ugonjwa. Mkubwa wangu alinijibu bila hasira, kwa utulivu ule ule: wakulima wamekuja tangu asubuhi, ripoti iko nangojewa mwisho wa mwezi, picha lazima zipigwe leo. "Fungua, Agro. Utapalilia baadaye." Wamama walikuwa wameketi nje, watoto mgongoni. Mkataba wangu ulikuwa na wiki tano zimebaki na nilikuwa nalipa masomo ya mdogo wangu.

Watu wengi wakiongea juu ya Weaver wanataja mwisho wa filamu, ile suti ya anga, ule mlango wa nje, mnyama anarushwa kwenye giza. Mimi kila mara namtazama pale mwanzo, mkono wake karibu na kitufe. Ash alifungua. Ripley hakufungua.

Mimi nilifungua, na boni ya ugawaji ina sahihi yangu.

Msimu uliofuata, mkataba ukiwa umeshaisha, nilipita kule kwa makuta yangu mwenyewe, kwa pikipiki. Mama mmoja alinitambua, akanipeleka shambani kwake, nyuma ya nyumba. Miti ilikuwa imefika kwenye goti.

"Agro," aliniambia, "majani iko najikunja. Ni mvua?"

Nikamwambia siyo mvua, ni ugonjwa, ulikuja na miti. Nikamwambia ayang'oe yote, ayachome, asimpe jirani hata mti mmoja.

Alitazama shamba muda mrefu. Kisha akauliza atapanda nini. Kwenye pikipiki sikuwa na miti ya kumpa.